Mzee Mudathiri Dadi Anaondoka Bila Pete

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutazama picha, tisa kati ya hiyo akiwa kwetu, Mzee Mudathiri Dadi, Mkuu wa Chumba cha Ukaguzi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Uongozi wa Kituo cha Picha za Anga, Kilwa Masoko, ulitafuta mtu wa kuandika wasifu wake katika jarida hili la wafanyakazi. Wenye adabu wote walikuwa na kazi nyingi. Jukumu likaniangukia mimi, Esha Yahya wa Chumba cha Mashine, kwa sababu moja tu: mimi ni Mngindo, yeye ni Mmwera, na wazee wetu walituachia utani usiojua likizo wala cheo. Mtani anaweza kumwambia mtani wake lolote, msibani, harusini, na sasa jaridani, na anayekasirika ndiye anayechekwa. Msomaji asiyependa kuona mzee anachokozwa aruke moja kwa moja hadi ukurasa wa matangazo.

Mzee Mudathiri alizaliwa Rutamba, kwa wenye ziwa. Nalitaja ziwa kwa makusudi. Kazi aliianza katika ofisi moja ya ramani ambayo haipo tena, na wabaya wake husema haipo kwa sababu yake. Alikuwa akikaa na rundo la picha zilizopigwa na ndege na kusema: hapa msitu, hapa shamba, hapa mto. Aliipenda kazi hiyo. Alikuwa na macho makali kweli, hilo sibishi, na zaidi ya macho alikuwa na uhakika, jambo ambalo maofisini hupandisha cheo haraka kuliko macho. Tena hakuna aliyeweza kupanda ndege kwenda kumbishia.

Huko ndiko alikowapa watu wa Miteja ziwa. Aliona kwenye picha kitu cheupe kinang'aa katikati ya mikorosho, akatamka kwamba ni maji, na kwa kuwa mtu wa Rutamba ndiye aliyesema, ofisi nzima ikaona anayajua maziwa kuliko wengine. Ziwa likachorwa. Baada ya muda wakaja mafundi wa maji na pampu yao, wakakuta nyumba ya mfanyabiashara wa korosho iliyoezekwa bati jipya. Wenyeji waliwapokea vizuri mno. Waliwapa wali na kuku, wakawaacha wale mpaka washibe, ndipo mmoja akawaambia kwa upole kwamba ziwa hawalifahamu. Mpaka leo Mzee Mudathiri akipita Miteja huulizwa kama samaki wameanza kupatikana. Yeye hujibu kwamba lile bati lilikuwa linang'aa kupita kiasi.

Miaka tisa iliyopita akahamia kwetu, katika jengo hili ambalo zamani lilikuwa ghala la korosho. Wageni huuliza kwa nini picha za anga zisomwe Kilwa. Jibu rasmi lina kurasa tatu. Jibu la kweli ni kwamba ghala lilikuwa tupu na mkongo wa intaneti ulipita jirani.

Kwa ndugu zetu wa idara ya usafiri, ambao kila mwaka huuliza tunafanya nini humu ndani mchana kutwa mapazia yamefungwa, naeleza tena. Darubini kubwa za ng'ambo hupiga picha za anga kwa mamilioni. Miongoni mwa picha hizo zimo chache zenye ajabu. Galaksi moja, yaani mji mzima wa nyota, imekaa mbele ya nyingine, na uzito wake unaipinda nuru ya ile ya nyuma. Ile ya nyuma huonekana imevutwa, imekuwa upinde, na kwa nadra sana imekuwa pete kamili inayoizunguka ya mbele. Ukitaka kuona mfano wake, itazame taa kupitia kitako cha glasi. Wataalamu huiita lenzi ya uvutano, na huitafuta kwa sababu wakiupima upinde ule wanaweza kuujua uzito wa vitu ambavyo havionekani kwa darubini yoyote.

Hakuna binadamu wa kutazama mamilioni, kwa hiyo mashine inafunzwa itazame. Tunaifunza hivi: watu watatu wanaonyeshwa picha ileile, kila mmoja kwenye meza yake, na kila mmoja anabonyeza "imo" au "haimo" bila kujua mwenzake kabonyeza nini. Mashine inayameza majibu hayo kama mtoto anavyolishwa uji, haiulizi nani kapika. Ikishiba inaanza kutafuta lenzi yenyewe.

Watatu wa chumba kikuu walikuwa Mzee Mudathiri, Dominick na Umi. Dominick ni mtu wa Kipatimu, mpole, mwimbaji wa kwaya misheni, na hajawahi kusikika akisema "si kweli" hata kwa bei ya nyanya. Umi ni binti kutoka kijiji cha Sudi, mdogo kuliko wote kituoni, aliyetoka chuoni na macho ya kipanga. Mzee aliusoma mwongozo wa washirika wetu wa ng'ambo unaosema kila mmoja aamue peke yake, akauheshimu, akazitenganisha meza tatu kwa mikono yake. Alichoshindwa kutenganisha ni mdomo wake. Picha ikiwa haina kitu, husema, "Haya, pita." Ikiwa na lenzi, husogea kwenye kioo, hushusha pumzi na kusema, "Mashaallah."

Sasa niambie wewe msomaji uliyelelewa na wazazi. Mtu wa rika la baba yako ametazama mbingu na kumtukuza Muumba. Wewe, ambaye asubuhi umemwamkia shikamoo akakuitikia marahaba, utabonyeza "haimo"?

Niseme na mazuri yake, maana hata utani una mipaka. Miaka yake ya mwanzo alikuwa hodari. Alijua kutofautisha upinde wa kweli na mikono ya galaksi zinazojiviringisha, ambayo huwadanganya wageni wengi, na aliwafundisha vijana wetu wote tofauti hiyo bila kuchoka na bila kunyamaza. Hakuchelewa kazini. Mapazia ya chumba kile aliyashona yeye. Wakati huo mashaallah zake zilikuwa chache na za haki, na mashine yetu ya kwanza iliyolelewa nazo ilikuwa mashine yenye akili.

Ila jambo moja lilimkaa rohoni. Lenzi zote alizopitisha zilikuwa vipande tu, upinde hapa, upinde pale. Pete kamili hakuwahi kuipata, na alitaka aipate kabla hajastaafu. Alisema hivyo karibu kila wiki. Alisema akiondoka bila pete, atakumbukwa kwa ziwa la Miteja.

Miaka miwili iliyopita akaipata. Ilikuwa galaksi ya manjano, na kuizunguka, kwa maelezo yake, duara la nuru lisilo na pengo hata kidogo. Mashaallah ya siku hiyo ilisikika mpaka kwenye lango. Dominick akabonyeza imo. Umi akabonyeza imo. Kwa desturi ya kituo, aliyeona wa kwanza huruhusiwa kuipa picha jina la nyumbani mpaka ithibitishwe, na Mzee akaiita Pete ya Mastura, kwa heshima ya mkewe. Akaibeba kwenye flashi, akaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni kwake, na tangu hapo hakuna mgeni aliyetoka nyumba ile bila kuiona. Idi mbili mfululizo wageni wamekula biriani na vileja wakitazama giza lenye doa. Wote walisema ni nzuri sana. Mzee wa watu alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mji mzima wa Kilwa Masoko.

Baada ya hiyo pete ya kwanza zikafuata nyingine. Zilikuja moja moja, kisha kwa mafungu. Washirika wa ng'ambo wakatuandikia kutusifu: walisema kwingineko wakaguzi watatu hubishana kila mara, lakini chumba chetu kikuu kinakubaliana karibu kwa kila picha, jambo ambalo hawajapata kuliona duniani. Mkurugenzi wetu, Daktari Ziada, alifurahi akaagiza bango litundikwe mapokezi: "Penye wengi hapaharibiki neno." Bango bado lipo. Linapendeza.

Huku kwetu Chumba cha Mashine furaha ilianza kupungua. Mashine mpya, iliyolishwa majibu ya miaka hiyo miwili, ilianza kuona pete kwenye kila chenye mwanga. Tuliifungua, tukaifunga, tukaanza upya. Tuliilaumu yenyewe tu, kwa kuwa mashine haina ukoo wa kuitetea. Siku moja kwa hasira nikaipa picha ya taa ya lango, ile inayommulikia mlinzi kibandani. Ikajibu bila kusita kwamba ni lenzi ya uvutano, uhakika asilimia tisini na sita.

Siku hizohizo, kwenye chai ya saa nne, Mzee Mudathiri alikuwa akiwalalamikia bodaboda. Alisema vijana wamefunga taa za ajabu zenye duara la rangi kuzizunguka, zinaumiza macho magharibi anapotoka msikitini, na kwamba wanaohusika na usalama barabarani wamelala. Meza nzima ikakubali kwamba taa hizo ni mbaya sana. Dominick, ambaye ana pikipiki, alikubali kuliko wote. Mimi nikaweka kikombe chini, maana na mimi hupita barabara ileile na taa hizo sijaziona.

Nilimfuata mpaka chumba kikuu, nikaweka kwenye vioo vyote vitatu picha ya nyota moja, nyota tupu ya jirani isiyokuwa na chochote nyuma yake. Akasogea. Akashusha pumzi. Akasema mashaallah yake. Nyuma yangu nikasikia vibonyezo viwili vinabonyezwa.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia, "Mmwera wewe, una pete nyingi kuliko sonara. Hiyo ni nyota. Una mtoto wa jicho, ndiye anayeizungushia kila taa pete, na mashine yangu umeshaiambukiza."

Mzee alijibu kwamba Wangindo huona vizuri mambo yasiyowahusu, akachukua kofia yake akatoka. Umi na Dominick walinitazama kama nimemzaba kofi imamu. Nikamuuliza Umi ameona nini kwenye picha ile. "Nyota, dada," akasema. Na amebonyeza nini? "Imo." Nikamuuliza kwa nini. "Mzee keshasema. Ningemwambiaje, dada? Ningeanzia wapi?" Dominick yeye alikiri kwamba pete hajaziona kwa karibu miaka miwili, na kwamba jambo hilo amekuwa akilisalia.

Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Humu ndani waliosikia la mkuu ndio waliovunja mashine.

Nikampelekea habari Daktari Ziada. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni jambo zito, na kwa sababu ni zito tulingoje kwanza sherehe ya kustaafu ipite. Nikamkumbusha kwamba darubini kubwa ya ng'ambo ilikuwa imeshatutengea usiku wake mmoja, usiku ambao watu huuomba kwa miaka, kwa ajili ya kupima kama nuru ya pete inatoka mbali kuliko nuru ya katikati, na picha ya kwanza kwenye orodha ilikuwa Pete ya Mastura. Wasipokuta kitu, watazitupa kazi zetu zote, na jina litakaloandikwa juu ya aibu hiyo ni la Mzee. Daktari Ziada akasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma sana, kwamba hakuna anayeweza kumwendea mzee kama yule na maneno kama yale. Nikamwambia mimi nimeshamwendea. Akasema mimi ni Mngindo, sihesabiki.

Basi hali ikawa hiyo. Mzee akinyamaza, ataondoka kwa shangwe, halafu aibu imfuate nyumbani. Akipima macho na kuitazama tena picha yake, huenda akaondoka mikono mitupu. Nilimchokoza kila siku, na kila siku akanifukuza. Alisema macho yake ni ya ukoo, baba yake alisoma msahafu bila miwani mpaka anakufa. Lakini aliacha kusimulia habari za bodaboda, na pale chumbani alianza kuitazama picha moja kwa muda mrefu kupita kawaida kabla ya kusema lake. Nilijua moyoni ana mashaka. Mtu mwenye uhakika miaka thelathini na minne akipata mashaka, ni kama ameshikwa na homa.

Lililofuata alinisimulia mwenyewe, na ameniruhusu niliandike. Jioni moja aliwasha televisheni, akaiweka Pete ya Mastura, akamwita Bi Mastura mwenyewe kutoka jikoni. Akamwomba aiguse ile pete kwa kidole. Bi Mastura akafuta mikono, akaweka kidole katikati, kwenye galaksi.

"Hapo ni katikati," Mzee akasema. "Pembeni yake kuna nini?"

"Hapo kiza, baba Iddi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akamuuliza kwa nini miaka miwili hakumwambia. Bi Mastura akamjibu kwamba siku ile alirudi nyumbani na furaha ambayo hakuwahi kuiona tangu Iddi alipozaliwa, na yeye ni nani hata aitoe. Kisha akarudi jikoni, maana mboga ilikuwa inaungua.

Mzee Mudathiri alizima televisheni. Wiki iliyofuata alikwenda Lindi, ambako madaktari wa macho walikuwa wamefika, akatolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia. La kushoto akaambiwa arudi baadaye.

Alirejea kazini amevaa miwani myeusi mikubwa iliyomfanya aonekane mwanamuziki aliyefilisika. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisimama mlangoni na maneno yangu yote ya utani tayari mdomoni. Lakini yeye hakumsalimu mtu. Alikwenda mezani kwake, akavua miwani, akaifungua Pete ya Mastura. Ilikuwa galaksi ya manjano, nzuri, ya mviringo, peke yake katikati ya kiza. Alikaa nayo muda mrefu. Niliyameza maneno yangu, na sioni haya kusema kwamba nilimhurumia sana siku ile, maana nilikuwa najua alichokuwa anakiaga.

Alasiri hiyohiyo aliomba kuzungumza na washirika wa ng'ambo kwa video, Daktari Ziada akiwa pembeni anajipepea na faili. Mzee akawaambia kwamba Pete ya Mastura haimo, na waiondoe kwenye orodha pamoja na zote alizopitisha baada yake. Wale mabwana, kwa upole mkubwa, wakamuuliza kama ana hakika, kwa sababu wakaguzi wote watatu walikuwa wamekubaliana. Mzee akasema ndiyo sababu ana hakika. Usiku ule wa darubini wakapewa watu wengine. Nasikia wamepata kitu kizuri.

Hapa ndipo wengi wangemalizia, mzee amepona, mashine ifunzwe upya, tupige makofi. Mzee Mudathiri hakumalizia hapo, na kwa hili namheshimu ingawa utani unanikataza kulisema kwa sauti. Kesho yake aliweka kwenye vioo vyote vitatu picha ya lenzi ambayo imethibitishwa kitambo, ile ambayo kila mfanyakazi mpya huonyeshwa siku yake ya kwanza, yenye upinde mkubwa hata mlinzi anaujua. Akaitazama kwa jicho lake jipya. Akasema, "Haya, pita."

Dominick akabonyeza haimo. Umi akabonyeza haimo.

Kituo kizima kilisikia alivyowaka. Katika miaka tisa hatukupata kumsikia akipaza sauti kwa hasira, na kumbe alikuwa nayo ya akiba. Aliwauliza kama wao pia wana mtoto wa jicho. Aliwauliza kama angesema mbuzi anaruka wangebonyeza imo. Umi alilia, na Mzee naye akaketi, akasema kwa sauti ya chini kwamba kosa si lao, wao wamelelewa vizuri mno. Hospitali ilikuwa imemtibu yeye. Chumba kilikuwa bado kinaumwa.

Tangu siku hiyo mambo yakabadilika kwa amri yake. Kwanza alijihamisha mwenyewe. Meza yake aliipeleka kwenye stoo ya nyuma, kati ya mafagio na kompyuta mbovu, ili aseme lake bila kusikiwa na mtu. Pili, aliandika kanuni mpya, na Daktari Ziada akaitia sahihi bila kuisoma vizuri: kila kundi la wakaguzi watatu sharti liwe na watani ndani yake, kwa sababu mtani peke yake ndiye anayeweza kukwambia macho yako yanadanganya na bado mkala naye. Washirika wa ng'ambo wakauliza mtani ni kifaa gani. Daktari Ziada akawajibu kwa kurasa mbili. Wakaandika tena kuomba kama tunaweza kuwapelekea mmoja.

Kazi ya miaka miwili ikarudiwa picha kwa picha. Ilikuwa kazi chungu, na Mzee alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka stoo. Safari hii majibu yalipingana vilivyo. Umi alianza kubonyeza "haimo" polepole, kama mtu anayeonja maji kwa kidole cha mguu. Dominick alibishana na mtu kwa mara ya kwanza maishani, akaumwa na kichwa, akapewa ruhusa ya nusu siku. Mashine ilipolishwa majibu hayo mapya ikatulia. Nimeipa tena picha ya taa ya lango, imesema si kitu. Kila wiki sasa inatuletea picha chache tu, na nyingi kati ya hizo zina upinde ambao hata mimi nauona.

Pete kamili haijapatikana. Naliandika hili kwa kuwa mwenyewe ameniomba nisilifiche.

Ilipokaribia tarehe ya kustaafu, Mzee Mudathiri akapata wazo kwamba kituo kinamhitaji. Aliomba mkataba wa miaka miwili zaidi. Sababu alizitoa nyingi, na zote zilikuwa njia ya kusema kwamba alitaka kuendelea kuitafuta. Suala likaletwa kwenye kikao cha wafanyakazi wote, naye akiwa amekaa mbele. Daktari Ziada akasema ni wazo zuri sana, litaangaliwa, inshaallah. Mhasibu akasema uzoefu haununuliki dukani. Wa idara ya usafiri wakasema gari la kumleta lipo. Hata mimi mtani wake, mwenye ruhusa ya mababu, nilibaki natafuta mzaha wa kuanzia na sikuupata, kwa sababu kusema kweli nilitaka abaki. Ukumbi mzima ulikuwa unatikisa vichwa kukubali, na mtu yule jicho la kushoto lilikuwa bado. Tarehe ya kulitoa alikuwa ameshaisogeza mara mbili kwa ajili ya kazi, na daktari alimwonya kwamba akiendelea kuchelewa litamsumbua zaidi.

Umi akasimama. Umi si mtani wake, hana kinga yoyote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mimi nasema hapana. Jicho la kushoto bado. Nenda nyumbani ukatibiwe, hizi picha tutazitazama sisi."

Kisha akakaa, akauficha uso wake kwenye mtandio. Daktari Ziada alianza sentensi ya kulainisha mambo, Mzee akamwinulia kiganja anyamaze. Alimtazama yule binti kwa jicho lake moja zima, halafu akasema kwamba amesikia. Akatoka ukumbini akaenda stoo kukusanya vitu vyake. Ndiyo maana anastaafu tarehe 30 mwezi huu na si miaka miwili ijayo, na ndiyo maana wasifu huu umeandikwa kwa haraka.

Mtani wangu Mudathiri, kituo kizima kinakushukuru kwa mapazia, kwa mafunzo, kwa kelele, na kwa siku ile ulipoiondoa pete yako kwa mkono wako mwenyewe. Nitakukosa zaidi ya ninavyopenda watu wajue. Ukatibiwe jicho la kushoto wiki ijayo, tarehe ameipanga Bi Mastura na hakuna wa kuisogeza. Mikorosho ya Rutamba ikuzalie, afya ikukae mwilini, na Mwenyezi Mungu akujaalie umri mrefu kati ya watu wanaokupenda kiasi cha kukukatalia.